Panya, kizimba na chupa: namna ya kupima unywaji wa pombe bila kudanganywa na makazi

Ukimweka panya peke yake kwenye kizimba kitupu, ukamtundikia chupa mbili, moja ya maji na nyingine ya pombe, halafu ukamlinganisha na panya sita wanaokaa pamoja kwenye kizimba kikubwa chenye mabomba ya kujifichia na gurudumu la kukimbilia, usiseme umelinganisha mazingira mawili. Umelinganisha mambo matatu yaliyofungwa furushi moja: wenzake, shughuli na nafasi. Tofauti ikionekana hutajua imeletwa na lipi. Isipoonekana, hutajua lipi limeifuta. Maelezo haya ni ya kulifungua furushi hilo, kisha kuongeza msongo juu yake kwa kipimo kinachojulikana, kwa kutumia pombe, maana ndiyo dawa rahisi kuitayarisha na panya anaweza kuinywa kwa hiari yake bila upasuaji.

Jaribio maarufu kuliko yote la aina hii lilifanyika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1970. Bruce Alexander na wenzake walijenga eneo la mita za mraba 8.8, yaani kama mara 200 ya sakafu ya kizimba cha kawaida, wakaweka humo panya 16 hadi 20, madume na majike pamoja, wakaliita Rat Park, yaani Bustani ya Panya. Panya wa vizimbani walikunywa mofini iliyotiwa sukari kwa wingi kuliko wenzao wa bustanini; katika hatua mojawapo ya jaribio lililochapishwa 1978, madume wa vizimbani walizidi kwa mara 19. Habari hiyo imesambaa sana. Isiyosambaa ni kwamba mwaka 1996 Petrie alilirudia jambo hilo kwa panya wa ukoo wa Wistar, na makazi hayakutokea kuwa sababu kubwa ya unywaji wao. Huna haja ya kuamua nani alikosea. Angalia tu mambo yaliyochanganyika mle: mofini ni chungu, hivyo ikatiwa sukari, na panya wa makazi tofauti wanaweza kupenda sukari kwa viwango tofauti, ukoo wa panya nao hubadilika, na kumpima mnyama mmoja mmoja ndani ya kundi ni kazi nyingine kabisa na kumpima aliye peke yake.

Neno moja kabla ya kuanza, maana lugha yetu hapa inaweza kutuponza. "Panya" kwa Kiswahili ni yule mkubwa wa gramu 300 na zaidi, na pia ni yule mdogo wa gramu 25. Kwenye maabara hao ni wanyama wawili tofauti, wenye tabia tofauti, na matokeo ya mmoja hayahamishiwi kwa mwingine hivi hivi. Hapa tunamzungumzia yule mkubwa, Rattus norvegicus, wa ukoo wa Wistar au Long-Evans. Panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu hawahusiki. Hao ni jamii nyingine.

Kibali na chumba

Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama kinatangulia kila kitu, hata kununua vizimba. Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kamati itakuuliza maswali matatu yanayotokana na kanuni za Russell na Burch za 1959: je, kazi hii haiwezekani bila wanyama, je, idadi haiwezi kupungua, na je, maumivu hayawezi kupungua? Kwa jaribio linaloleta msongo makusudi, swali la tatu ndilo litakalokula muda wako. Andika mapema kikomo cha kumtoa mnyama: kwa mfano, akipungua asilimia 15 ya uzito, akipata kidonda kinachofunguka, au akiacha kujisafisha manyoya.

Chumba kiwe kati ya nyuzi 20 na 24, unyevu asilimia 30 hadi 70. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, chumba kisicho na kiyoyozi cha kutegemewa kitavuka nyuzi 30, na panya mwenye joto hunywa maji mengi zaidi. Kipimo chako cha upendeleo, yaani sehemu ya pombe katika vimiminika vyote alivyokunywa, kitashuka bila pombe yenyewe kupungua hata tone. Weka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, ukisome kila siku kabla ya kugusa chupa.

Mwanga ni saa 12 za taa na saa 12 za giza. Panya ni mnyama wa usiku, kwa hiyo wengi hugeuza saa: taa zizimwe saa nne asubuhi na ziwashwe saa nne usiku, ili wafanyakazi wawe kazini wakati panya wako macho. Wape wanyama wiki mbili kuizoea ratiba hiyo. Humo gizani tumia taa nyekundu hafifu, maana panya haioni sawasawa. Kosa linalotokea mno kwetu ni la kipima saa cha taa kisicho na betri: umeme ukikatika saa mbili, nacho kinasimama saa mbili, na ukirudi kinaendelea pale kilipoachia. Baada ya wiki mbili za mgao giza la panya linaanza saa tisa alasiri na hakuna aliyegutuka, ila unywaji "umeshuka". Nunua chenye betri.

Maranda ya kutandika nayo si jambo dogo. Maranda ya mwerezi na ya msonobari hutoa mvuke wenye harufu unaoamsha vimeng'enya vya ini, vile vile vinavyovunja dawa mwilini. Maranda ya karakana ya seremala yana hatari nyingine: vanishi, dawa ya mchwa, gundi. Chukua ya mti usio na harufu kali na usiotiwa dawa, kutoka chanzo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, uyapitishe kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) nyuzi 121 kwa dakika 20, yakauke kabisa ndipo uyatandike.

Vizimba: makundi manne, saizi moja

Njia iliyo safi ni kutenganisha wenzake na shughuli, na kuifunga nafasi isibadilike. Vizimba vyote viwe na sakafu ya sentimita 60 kwa 40 na kimo cha sentimita 40. Kisha:

- peke yake, kizimba kitupu;
- peke yake, kizimba chenye vichangamshi (vitu vya kuchezea, kutafuna na kujifichia);
- watatu pamoja, kizimba kitupu;
- watatu pamoja, kizimba chenye vichangamshi.

Vizimba vinane kwa kila kundi ni jumla ya vizimba 32 na panya 64. Ni mzigo, na maabara nyingi hazina nafasi hiyo. Usipoweza, punguza maswali badala ya kupunguza vizimba: chagua makundi mawili yanayotofautiana kwa jambo moja tu, tuseme peke yake mtupu na watatu watupu, uache jingine kwa siku nyingine. Kinachoharibu ni kuchukua makundi mawili ya pembeni, maskini wa kila kitu na tajiri wa kila kitu, kwa vizimba viwili viwili, halafu kuhesabu kila panya kama shahidi anayejitegemea. Panya watatu wa kizimba kimoja wanashiriki hewa, ugomvi na joto la miili yao. Kwenye hesabu wao ni kitu kimoja. Vizimba vitatu vyenye panya kumi kumi ni n (idadi ya mashahidi wanaojitegemea) ya 3, hata kama umepima wanyama 30.

"Kitupu" maana yake ni maranda, chakula, maji na karatasi ya kujengea kiota. Usimnyime kiota, panya aliyekosa mahali pa kulala ana baridi, na baridi ni jambo la nne ambalo hukulipanga.

Vichangamshi si lazima viwe vya kununua dukani. Bomba la PVC lenye kipenyo cha sentimita 10, lililokatwa vipande vya sentimita 20 na kupigwa msasa kingo. Boksi la karatasi ngumu lisilo na gundi nyingi wala wino. Kipande cha mti usiotiwa dawa cha kutafuna. Ngazi ya waya na jukwaa la juu. Kamba ya katani isizidi sentimita 15, maana ndefu hujifunga miguuni. Weka vitu sita kwa kizimba, ubadilishe vitatu kila Jumatatu na Alhamisi. Upya ndio unaowaamsha, bomba lile lile kwa wiki tano ni samani tu. Unapoosha, osha kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, na usioshe vyote siku moja. Panya anaijua nyumba yake kwa harufu, na kizimba kinachonuka ugeni ni msongo kamili, mapigo ya moyo yanapanda kama ambavyo yangepanda kwa mnyama aliyehamishwa.

Gurudumu la kukimbilia liache nje mara hii. Kukimbia peke yake kunabadilisha unywaji, na utakuwa umeongeza jambo jingine ndani ya furushi unalojaribu kulifungua.

Panya waingie makundini siku ya 21, wanapoachishwa kunyonya, kwa kupigiwa kura. Ndugu wa tumbo moja watawanywe kwenye makundi yote manne. Tumbo lote likiangukia kundi moja utakuwa unapima mama yao. Wanaokaa pamoja wawe wa jinsia moja na wakutanishwe siku hiyo hiyo. Madume wageni wakikutanishwa wakiwa wazima hupigana, na majeraha ya kiunoni na mgongoni ndiyo dalili. Majike watumie pia. Mzunguko wao wa siku 4 hadi 5 hausumbui ukichukua wastani wa vipindi sita. Waache kwenye makazi yao hadi siku ya 56. Wiki hizi tano ndiyo balehe yao, na upweke unaoanza utotoni una nguvu kuliko unaoanza ukubwani.

Pombe, chupa na tone linalovuja

Tumia ethanoli safi ya maabara ya asilimia 95 au zaidi. Spiriti ya dukani hapana: imetiwa methanoli au kitu kichungu ili isinywewe. Kwa lita moja ya asilimia 20 kwa ujazo, pima mililita 210.5 za ethanoli ya asilimia 95, mimina kwenye chupa ya kupimia ya lita moja, ongeza maji hadi kwenye alama. Usichanganye mililita 210.5 na mililita 789.5 za maji ukadhani utapata lita. Ethanoli na maji vikichanganyika ujazo hupungua kidogo, na utakuwa na pombe kali kuliko ulivyoandika. Tengeneza mpya kila wiki, ifunikwe vizuri.

Chupa ziwe ndogo, mililita 50 hadi 100, kizibo cha mpira, bomba la chuma lenye gololi mdomoni. Gololi ndiyo inayokuokoa. Bomba la wazi hudondosha kila panya anapogongana nalo, na panya wa kizimba chenye vichangamshi hugongana na kila kitu. Kabla ya kuanza, jaza kila chupa, igeuze, itundike saa mbili kwenye fremu isiyotikisika, uipime. Inayopoteza zaidi ya gramu 0.3, itoe. Mara nyingi tatizo ni hewa iliyobaki juu ya kimiminika: chumba kikipata joto hewa inapanuka na kusukuma matone nje. Jaza chupa hadi juu, na kimiminika kiwe na joto la chumba kabla ya kufunga.

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu kuliko yote: unywaji upimwe wapi? Ukipima nyumbani kwao, watatu wanashiriki chupa na hujui nani kanywa nini. Zipo dawa tatu za tatizo hili. Ya kwanza ni chipu ndogo ya kioo ya milimita 12 chini ya ngozi, na mlango wa kunywea wenye kisomaji. Ni nzuri na ni ghali. Ya pili ni kugawa kizimba kwa wavu wakati wa kunywa, wakiendelea kuonana na kunusana. Ya tatu, nafuu, ni kuwahamisha wote, makundi yote manne, kwenda kwenye vizimba vya kunywea vinavyofanana, kila mmoja peke yake, kwa saa mbili mwanzoni mwa giza. Hii ya tatu ina kasoro yake na lazima uijue: kwa anayeishi peke yake kuhamishwa ni mabadiliko ya mahali, kwa anayeishi na wenzake ni mabadiliko ya mahali pamoja na upweke wa ghafla. Kwa hiyo wazoeshe kwanza kwa vipindi sita vyenye maji matupu kwenye chupa zote mbili. Hesabu mavi wanayoacha kwenye kizimba cha kunywea kila kipindi. Idadi ikishuka na kutulia, na ikilingana kati ya makundi, anza. Isipolingana, ongeza vipindi.

Vipindi vya pombe viwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Panya wengi hukataa asilimia 20 mwanzoni, kisha unywaji hupanda kwa wiki kadhaa, hasa kwa mpango huu wa siku moja ndani siku moja nje. Panga vipindi 20, na wastani wa sita vya mwisho ndio uwe msingi. Badilisha upande wa chupa kila kipindi. Panya wapo wenye upande wao, wa kulia ni wa kulia hata ukiweka kwinini, na ukisahau kubadilisha utamwita mlevi mnyama aliyezoea kona.

Kila kipindi tundika chupa mbili, ya maji na ya pombe, kwenye kizimba kisicho na panya, lakini karibu na wenzake kwenye rafu ile ile inayotikisika. Kinachopungua humo ndicho kinachovuja. Hesabu yenyewe ni hii. Kimiminika cha asilimia 20 kina gramu 0.158 za ethanoli kwa mililita, na mililita moja ina uzito wa gramu 0.974. Basi kila gramu iliyopungua kwenye chupa ina gramu 0.162 za ethanoli. Chupa imepungua gramu 3.9, iliyo kwenye kizimba kitupu imepungua 0.5, zimebaki 3.4. Mara 0.162 ni gramu 0.551. Panya ana gramu 350, kwa hiyo amekunywa gramu 1.57 kwa kilo. Ungesahau kutoa kinachovuja ungeandika 1.81. Tofauti hiyo ya 0.24 imetoka kwenye gololi, na wapo waliochapisha tofauti ndogo kuliko hiyo kama ushahidi wa upweke.

Mwishoni kabisa mwa jaribio, toa pombe na uwape wale wale sakarini ya asilimia 0.05, siku nyingine kwinini ya miligramu 10 hivi kwa lita, kwa ratiba ile ile. Makundi yakitofautiana kwenye utamu au uchungu kama yalivyotofautiana kwenye pombe, unachokiona ni ulimi.

Msongo

Msongo si maji ya kumimina, kwamba ukiongeza na unywaji unaongezeka. Klaus Miczek na wenzake walionyesha hili kwa panya wanaoshindwa na dume mwenye eneo lake. Wakishindwa mara nne ndani ya siku kumi, na mapumziko katikati, baadaye walijidunga kokeini (kwa kubonyeza kitufe kinachowapa dozi mshipani) kwa wingi zaidi, hasa wakiachiwa saa 24. Wakiishi chini ya mbabe huyo mfululizo kwa wiki tano, hamu ya kokeini ilipungua. Mnyama yule yule, ugomvi ule ule. Kilichobadilika ni mpangilio wa siku. Yavin Shaham na Jane Stewart, Montreal mwaka 1995, waliona jambo jingine: panya waliokwisha kuacha kubonyeza kitufe cha heroini walirudi kukibonyeza baada ya mitetemo mifupi ya umeme miguuni, wiki kadhaa baada ya dawa kuondolewa. Kwa hiyo amua kwanza unauliza lipi: kuanza, kuzidisha, au kurudia. Kila swali lina msongo wake na siku yake.

Kwa unywaji wa pombe, msongo rahisi kuusimamia ni kumbana panya kwenye mrija wa plastiki angavu. Kwa panya wa gramu 300 hadi 350 mrija uwe na kipenyo cha sentimita 6 na urefu wa 20, wenye matundu ya hewa pande zote. Dakika 60, saa ile ile, kipindi cha mwanga, siku tano. Aweze kupumua kwa raha, asiweze kugeuka. Mtu akae chumbani muda wote: panya hupata joto haraka ndani ya mrija, na anayetoa mate mengi au kulegea atolewe papo hapo. Osha mrija baada ya kila mmoja, maana harufu ya mwoga humtisha anayefuata, na wa mwisho atakuwa amepata msongo mkubwa kuliko wa kwanza. Nusu ya vizimba vya kila kundi vibanwe. Nusu nyingine wachukuliwe hadi chumba kile kile, wakae dakika 60 kwenye boksi la kawaida. Na usimchanganye aliyebanwa na asiyebanwa kwenye kizimba kimoja. Anayerudi ananuka hofu, na wenzake wanaisoma.

Yapo mambo mawili yanayowashangaza wanaofanya kazi hii mara ya kwanza. Siku za kubanwa zenyewe panya mara nyingi hunywa pungufu. Ongezeko likija, huja siku au wiki za mbele, kwa hiyo endelea kupima wiki nne baada ya kubanwa kwa mwisho. La pili ni kwamba mwili huzoea. Ukirudia msongo ule ule kila siku, kotikosteroni, homoni ya msongo, inayopanda siku ya kumi ni ndogo kuliko ya siku ya kwanza. Wanaotaka msongo wa muda mrefu hubadilisha aina bila mpangilio unaotabirika, ila hapo kamati ya maadili itakuita tena mezani, na ina haki.

Kuna msongo usioupanga ambao unaweza kuzidi ule ulioupanga. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kwamba harufu ya mwanamume, hata fulana tu iliyovaliwa na mwanamume, huwapa panya msongo wa kutosha kupunguza dalili za maumivu. Ya mwanamke haikufanya hivyo. Haina maana wanaume wafukuzwe maabara. Maana yake ni kwamba kama Juma ndiye wa Jumatatu na Neema ndiye wa Ijumaa, umepima pia Juma na Neema. Mtu mmoja ahudumie makundi yote kwa siku moja, jina lake liandikwe kwenye daftari, na akimaliza kuweka panya asubiri nusu saa kabla ya chupa. Manukato, moshi wa sigara, na paka wa nyumbani kwenye suruali: hapana. Kelele pia. Panya husikia sauti za juu sana ambazo sisi hatuzisikii, na inveta au chaja mbovu inaweza kulia kutwa nzima bila wewe kujua. Kifaa kidogo cha kugundua sauti za popo kitakuonyesha.

Kuhakikisha msongo ulikuwepo

Usiandike "wenye msongo" kwa sababu uliwabana. Pima. Damu kutoka mkiani itolewe ndani ya dakika 3 tangu uguse kizimba, kwani baada ya hapo kotikosteroni unayoipima ni ile uliyoisababisha wewe. Kwenye kizimba cha watatu, wa kwanza ndiye wa kuaminika. Wa pili na wa tatu wameshaona. Wawepo watu watatu, au uchukue mmoja tu kwa kila kizimba. Saa nayo ina neno: homoni hii hupanda yenyewe kuelekea giza, hivyo sampuli za makundi zichukuliwe kwa kupokezana, wasiwe kundi moja asubuhi na jingine alasiri. Mwisho wa jaribio pima uzito wa tezi za adrenali (zilizo juu ya figo) na wa thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani). Msongo wa muda mrefu hukuza za kwanza na kunyausha ya pili, na mizani haina upendeleo.

Pima uzito wa mwili kila siku ya kunywa. Hapa pana mtego mdogo wa hesabu. Panya aliyebanwa huacha kuongezeka, pengine hupungua. Akitoka gramu 350 hadi 320 na akanywa gramu 0.551 ile ile, kwa kilo atatoka 1.57 hadi 1.72. Unywaji "umepanda" kwa sababu mnyama amekonda. Toa takwimu tatu kila mara: gramu kwa kilo, mililita halisi, na upendeleo kwa asilimia. Zote tatu zikielekea upande mmoja, una jambo la kusema.

Kusoma ulichokipata

Panya anayekunywa si panya mraibu, na neno hilo lisitoke kwenye karatasi yako kwa jaribio la chupa mbili pekee. Ukitaka kusogea karibu nalo, mpe pombe ile ile iliyotiwa kwinini, ukipandisha kidogo kidogo, uone nani anaendelea kunywa hata ikiwa chungu. Hapo makundi yaliyolingana kwenye chupa ya kawaida wakati mwingine hutengana.

Na kipimo cha dawa kinaweza kuficha athari ya makazi. Michael Bardo na wenzake, Chuo Kikuu cha Kentucky, waliwalea panya wengine kwenye makazi yenye wenzao na vitu vipya, wengine peke yao, kisha wakawaacha wajidunge amfetamini. Kwa dozi ndogo wale wa makazi yenye neema walijidunga pungufu. Kwa dozi kubwa tofauti ilikaribia kufutika. Ungepima dozi kubwa tu ungeandika kwamba makazi hayana kazi. Kwenye pombe, fanya vipindi vichache vya asilimia 5 na 10 pia.

Kama umepata kwamba wenzake ndio waliopunguza unywaji, na vichangamshi havikuongeza kitu, matokeo hayo hayako peke yake. Mwaka 2018 Marco Venniro, Shaham na wenzao waliwapa panya vitufe viwili, kimoja cha kujidunga methamfetamini na kingine cha kufungua mlango wa kukutana na mwenzake, na panya walichagua mwenzake karibu kila mara. Lakini wenzake si heri siku zote. Kwa nyani wa jamii ya makaka, Drake Morgan na Michael Nader waliona mwaka 2002 kwamba baada ya kuwekwa makundini, waliotawala walikuwa na vipokezi vya aina ya D2 vya dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na hamu) vingi zaidi ubongoni, na walio chini ndio waliojidunga kokeini ya kutosha kuonyesha kwamba inawavuta. Kundi moja, nyumba moja, chakula kimoja. Kwa hiyo kwenye vizimba vyako vya watatu watatu, tafuta nani anapanda mgongoni mwa nani, nani ana nywele za usoni zilizonyofolewa, umtenge kwenye jedwali. Wastani wa kizimba utaufanyia hesabu kuu. Cheo cha mnyama ndani ya kizimba kiweke pembeni, na mara nyingi ndiko kwenye habari.

Ripoti iandike makazi kama inavyoandika dawa. Vipimo vya kizimba kwa sentimita, idadi ndani yake, umri walipoingia, aina ya maranda na yalikotoka, vitu vilivyowekwa na siku vilipobadilishwa, saa ya taa, joto la juu na la chini kwa kila wiki, jinsia ya mhudumu, na siku umeme ulipokatika. "Walikaa katika hali ya kawaida" haimsaidii mtu wa Kampala au Morogoro anayetaka kulirudia jaribio lako, kwa sababu hali yake ya kawaida siyo yako.